Jarida la baiskeli za milima lina nini cha kumpa mwendesha Phoenix wa Mwanhuzi?

Pale Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, baiskeli haimshangazi mtu. Inabeba maji, inabeba mahindi, inabeba pamba kwenda AMCOS, inabeba mgonjwa. Siku ya mbio inavuliwa keria na madigadi, inapakwa mafuta, inaingia mashindanoni. Kesho yake keria inarudishwa, baiskeli inarudi kazini.

Sasa nikikwambia kuna watu duniani ambao kwa zaidi ya miaka 40 wamekuwa wakinunua majarida yanayozungumzia baiskeli za kupita kwenye vumbi, mawe na matope tu, unaweza kucheka. Yaani mtu akasome namna ya kupita njia ya vumbi? Si atoke nje tu apite?

Kiukweli swali hilo lina majibu, na baadhi yake yanamhusu moja kwa moja kijana wa Mwandoya au Mwanjolo kuliko yanavyomhusu Mzungu mwenye baiskeli ya dola 8,000.

Ilianza na baiskeli kuukuu

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1970, Jimbo la California nchini Marekani, kaunti ya Marin, karibu na mlima Tamalpais. Kikundi cha vijana kinaokota baiskeli za zamani aina ya Schwinn, za miaka ya 1930 na 1940. Ni baiskeli nzito, baadhi zinazidi kilo 20, matairi mapana, gia moja, na breki ya kupiga pedeli kinyumenyume. Ukizitazama kwenye picha utasema hizi ni ndugu wa Phoenix na Swala za babu zetu.

Wakaanza kushindana kuteremka mlima nazo. Oktoba 21, 1976 wakafanya mbio ya kwanza kwenye njia waliyoiita Repack, kama kilomita 3.4, ikishuka karibu mita 400. Jina lenyewe lina kisa. Ukiteremka pale, breki ya nyuma ilipata moto hadi grisi ndani ya habu ikaungua ikawa moshi. Ukifika chini, lazima ufungue habu, usafishe, upake grisi upya. Huko kupaka upya ndiko kukawa jina la njia. Rekodi ya pale, dakika 4 na sekunde 22, ni ya Gary Fisher.

Fundi yeyote wa Mwanhuzi anayesoma hapa ameshajua wanazungumzia nini. Habu iliyoungua grisi haihitaji mkalimani.

Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, akatengeneza fremu mpya maalumu kwa mbio zile. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakafungua kampuni ndogo ya kuuza baiskeli hizo, fremu zikitengenezwa na Tom Ritchey. Ukumbuke jina hilo la Ritchey, tutarudi kwake, maana huyu bwana baadaye alikuja upande wetu wa Afrika.

Jarida la kwanza halikuwa la kifahari

Sasa hapa ndipo magazeti yanapoingia. Majarida ya baiskeli ya wakati ule yaliandika baiskeli za barabarani, zenye matairi membamba kama kidole. Wale vijana wa Marin waliona hakuna anayewaandika. Mwaka 1980 Charlie Kelly na Denise Caramagno wakaanzisha la kwao, wakaliita Fat Tire Flyer. Lilianza kama kijarida kidogo cha kujitengenezea, kinachozungushwa kati ya watu wanaofahamiana: matokeo ya mbio, vituko, michoro, nani anauza fremu, njia ipi imefungwa.

Liliendelea hadi 1987. Kwa miaka hiyo saba mchezo wenyewe ulitoka kwenye kikundi cha marafiki ukawa biashara ya dunia. Kampuni ya Specialized ilileta Stumpjumper mwaka 1981, baiskeli ya milima ya kwanza kutengenezwa kwa wingi kiwandani. Mountain Bike Action likaingia sokoni 1986. Uingereza wakapata Mountain Biking UK mwaka 1988, Marekani tena wakapata Dirt Rag mwaka 1989, na kadhalika na kadhalika. Mwaka 1996, kwenye Olimpiki ya Atlanta, baiskeli za milima zikawa mchezo rasmi.

Nisikudanganye kwamba jarida ndilo lililojenga mchezo. Baiskeli ndizo zilizojenga. Lakini mtu aliyekuwa peke yake kwenye kijiji chake, hajui kama kuna mwingine anayefanya upuuzi kama wake, jarida ndilo lililomwambia kwamba wapo wengi. Hiyo ni sababu ya kwanza ya watu kusoma, na mimi naiona ndiyo kubwa kuliko zote.

Kwa upande wa burudani, Mountain Biking UK lina katuni maarufu ya kondoo anayeendesha baiskeli, anaitwa Mint Sauce. Msukuma mwenye zizi lake atajiuliza huyo kondoo anachungwa na nani. Waingereza wanampenda kupita maelezo.

Fundi anasoma nini humo

Sababu ya pili ni ufundi. Hapa sitapita haraka, maana ndipo msomaji wa Meatu anaweza kupata kitu cha kushika mkononi leo hii.

Chukua suala la cheni. Kwetu cheni inabadilishwa ikikatika, au ikianza kuruka kwenye meno. Majarida haya yamekuwa yakiwafundisha wasomaji wake njia moja rahisi sana, na kifaa kinachotakiwa ni rula ya mwanafunzi. Weka sifuri ya rula kwenye katikati ya pini moja ya cheni. Hesabu vipande 24. Cheni ikiwa mpya, pini ya mwisho inagonga inchi 12 kamili. Ikiwa imezidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, yaani kama milimita moja na nusu hivi, cheni imeshalika, ibadilishe. Ikizidi mara mbili ya hapo, umechelewa: cheni hiyo imeshakula meno ya gia, na sasa utanunua vyote viwili.

Mtu anayebeba magunia kwenye keria, cheni yake inavutwa kuliko ya mtalii yeyote. Kununua cheni peke yake kwa wakati ni nafuu kuliko kununua cheni, gia ya nyuma na gia ya mbele kwa mpigo. Hesabu hiyo haihitaji kujua Kiingereza.

Au chukua upepo. Wengi wetu tunajaza tairi hadi likigongwa linalia kama ngoma, tukiamini ndiyo mwendo. Kwenye lami ni sawa kwa kiasi. Lakini kwenye udongo wa kichanga, ule Wasukuma wanaouita luseni, tairi gumu linazama na kuteleza. Waandishi wa majarida wamejaribu jambo hili miaka na miaka na jibu lao halibadiliki: kwenye njia mbovu, punguza upepo kidogo, tairi lishike ardhi. Usipunguze hadi rimu ikagonga jiwe, na ukiwa na mzigo mzito ongeza tena, la sivyo mpira utabanwa kati ya rimu na jiwe na kutoboka matundu mawili kwa pamoja.

Kuhusu udongo mweusi wa mbuga mvua ikinyesha, sijaona jarida lenye dawa. Ule unabeba baiskeli begani, basi.

Halafu kuna miiba. Nadhani hakuna mwendesha baiskeli Meatu asiyejua mwiba wa mgunga. Wenzetu siku hizi wanatumia matairi yasiyo na mpira wa ndani, ambayo yanawekwa dawa ya majimaji. Mwiba ukitoboa, dawa inakimbilia kwenye tundu, inaganda, safari inaendelea. Inafanya kazi kweli kwa matundu madogo. Ila majarida yanakwambia na upande wa pili: dawa inakauka baada ya miezi michache, inabidi kuongezwa, joto kali linaikausha mapema zaidi, na rimu lazima iwe ya aina inayofunga vizuri. Rimu ya Phoenix haipo kwenye orodha hiyo. Kwa baiskeli yako ya kazi, ule ujanja wa kulaza kipande cha tairi kuukuu kati ya tairi na mpira bado una nafasi yake. Unaongeza uzito, lakini unafika.

Na kuna uendeshaji wenyewe. Ukiteremka kwenye mawe, simama kwenye pedeli, zote mbili ziwe usawa mmoja, viwiko vikunje, na utazame mbali mbele, usitazame jiwe. Macho yakiganda kwenye jiwe, tairi nalo linakwenda kwenye jiwe. Hili ni somo ambalo kila jarida la baiskeli za milima limeshaliandika mara nyingi sijui, na bado wanaoanguka ni wale wale waliotazama jiwe.

Usiamini kila ukurasa

Hapa inabidi kusema ukweli. Majarida haya yanaishi kwa matangazo, na wanaotangaza ndio hao hao ambao baiskeli zao zinafanyiwa majaribio na kupewa nyota. Wapo waandishi wanaojitahidi kusema kweli, lakini ukisoma matoleo kumi mfululizo utashangaa jinsi baiskeli mbaya zilivyo adimu duniani.

Mfano mzuri ni saizi ya magurudumu. Kwa zaidi ya miaka 30 baiskeli ya milima ilikuwa ya inchi 26. Kuanzia miaka ya 2010 hivi viwanda vikahamia inchi 29 na 27.5, na ndani ya muda mfupi ikawa kama vile aliyebaki na 26 amebaki nyuma ya dunia. Ni kweli gurudumu kubwa linapita juu ya mawe kirahisi zaidi. Lakini ni kweli pia kwamba mtu mwenye baiskeli nzima ya 26 alilazimika kujiona ana uchafu.

Kwetu faida ya jambo hili ni ya ajabu kidogo. Baiskeli za gia tunazopata, za mtumba na hata nyingi za dukani, bado ni za inchi 26, breki za kubana rimu, gia za kawaida za kufunguka kwa spana. Kwa hiyo jarida la mwaka 1995 ambalo msomaji wa Ulaya ameshalifungia vitumbua, kama huko kuna vitumbua, linaeleza baiskeli yako vizuri kuliko jarida la mwezi huu. La mwezi huu limejaa gia za umeme zinazochajiwa.

Na mengi ya majarida yenyewe hayapo tena kwenye karatasi. Dirt Rag lilifungwa mwanzoni mwa 2020. Bike, jarida la Marekani lililopendwa sana kwa picha zake, lilisimamishwa baada ya matoleo ya 2020. Wasomaji wamehamia kwenye simu, hasa kwenye tovuti ya Pinkbike iliyoanzia Canada mwaka 1998. Hivyo mwendesha baiskeli wa Mwanhuzi na yule wa London sasa wanasoma kwenye kioo kilekile. Tofauti yao ni bando.

Sura zetu zimo humo?

Sababu ya tatu ya watu kusoma ni kujiona. Mwafrika alichelewa sana kuonekana kwenye kurasa hizi, isipokuwa kama mandhari: mtoto anapunga mkono pembeni ya njia wakati mtalii anapita.

Tofauti ililetwa kwa sehemu kubwa na Rwanda. Yule Tom Ritchey niliyekuomba umkumbuke alifika Rwanda mwaka 2005, akaona wakulima wanavyosafirisha mizigo kwa baiskeli za mbao na za chuma. Akabuni baiskeli ndefu ya mzigo ya kupeleka kahawa kwenye vituo vya kuoshea. Mwaka 2006 yakafanyika mashindano yaliyoitwa Wooden Bike Classic, na aliyekuwa mwendeshaji wa Tour de France, Jock Boyer, akabaki Rwanda kufundisha timu.

Mmoja wa vijana wa timu hiyo ni Adrien Niyonshuti, aliyepoteza ndugu zake katika mauaji ya kimbari ya 1994. Yeye na Nathan Byukusenge walikwenda Afrika Kusini kushiriki Cape Epic ya 2007, mbio ya siku nane ya baiskeli za milima, ambayo watu hukimbia wawili wawili. Mwaka 2012 Niyonshuti alibeba bendera ya Rwanda kwenye Olimpiki ya London na kushiriki mbio ya baiskeli za milima. Alimaliza wa 39. Kwa mtu anayehesabu medali, 39 ni namba ndogo. Kwa Kigali ilikuwa sherehe. Miaka minne baadaye Byukusenge naye akashiriki mbio hiyo hiyo kule Rio. Na mwaka 2025 Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika.

Kenya wana David Kinjah, ambaye nyumbani kwake karibu na mji wa Kikuyu amelea vijana wengi kwenye kikundi cha Safari Simbaz. Mmoja wao alikuwa kijana mwembamba wa Kizungu aliyezaliwa Nairobi, Chris Froome, aliyeanzia huko kwenye njia za vumbi kwa baiskeli ya milima kabla ya kwenda kushinda Tour de France mara nne. Kenya pia ndiko lilikotoka kundi la Team Amani, ambalo mwaka 2021 lilianzisha mbio za Migration kwenye barabara za changarawe za Maasai Mara. Nahodha wao, Suleiman Kangangi, alifariki Agosti 2022 kwa ajali akiwa kwenye mbio huko Vermont, Marekani. Vyombo vya habari vya baiskeli duniani vilimwandika kwa kirefu. Miaka 20 kabla ya hapo pengine asingepata hata aya.

Na Simiyu?

Kanda ya Ziwa ndiko nyumbani kwa mbio za baiskeli Tanzania, hilo hata watu wa Dar wanakubali. Shinyanga, Mwanza na Simiyu zimetoa wakali wanaotamba hadi mashindano ya Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA. Bariadi kumefanyika Simiyu Jambo Festival, ambako mbio za baiskeli zimewekwa pamoja na ngoma za Wagika na Wagalu. Watu wanajaa barabarani hadi polisi wanahangaika.

Kisha fungua gazeti la kesho yake. Utapata jina la mshindi, muda aliotumia, zawadi aliyopewa na nani, na mheshimiwa aliyekuwa mgeni rasmi alisema nini. Mheshimiwa ndiye anapata aya tatu. Magazeti yetu ya michezo ni Simba na Yanga kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na mimi ninayeandika hapa naelewa kwa nini, maana habari ya baiskeli haifunguliwi na watu wengi kama ya usajili.

Lakini angalia kinachopotea. Mshindi alitumia gia ya meno mangapi? Alikula nini njiani? Nani alimtengenezea ile fremu iliyokatwa na kuchomelewa upya? Walimzidi wapi wale wa Mwanza, kwenye kilima au kwenye upepo? Hayo yanabaki vijiweni kwa mafundi, na fundi akizeeka yanaondoka naye. Jarida la kina Kelly lilikuwa limejaa maswali ya aina hiyo hiyo, na ndiyo maana hadi leo tunajua grisi ya habu ya mtu fulani iliungua mwaka 1976.

Kwa anayetaka kuanza kusoma, usipakue jarida zima la picha kwa bando la siku, litakula MB zako zote kabla hujafika ukurasa wa nne. Fungua makala moja moja, ihifadhi kwenye simu usome bila mtandao. Google Books ina matoleo ya zamani ya majarida ya baiskeli yanayosomwa bure, anza na ya miaka ya 1990 kwa sababu nilizoeleza juu. Kiingereza kikikaba, tafsiri ya simu inatosha kwa maelezo ya ufundi, ingawa kwa vichekesho haisaidii kitu. Na kama kijiweni kwenu yupo mtu mmoja anayesoma vizuri, mchangieni bando, awasomee wengine huku mnaziba pancha.

Halafu pimeni zile cheni. Rula ipo kwenye mkebe wa mtoto.